Kilimo Bila Udongo: Fundisho Kutoka Turkana

Katika nyanda kame za kaskazini-magharibi mwa nchi jirani ya Kenya, katika eneo la kambi ya wakimbizi ya Kakuma, yamefanywa majaribio ambayo mtu akiyasikia kwa mara ya kwanza hudhani ni mzaha. Majani ya kulisha mbuzi huoteshwa pasipo udongo. Mbegu za shayiri huloweshwa usiku kucha, hutandazwa juu ya sinia zilizopangwa katika rafu chini ya kivuli, na hunyunyiziwa maji kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Baada ya wiki moja hivi, sinia hutoa zulia la majani mabichi ambalo mbuzi hulila lote, mizizi na mbegu zake pia.

Jambo hili laweza kuonekana kuwa ni la mabwana shamba peke yao, lisilowahusu watu wa bunduki na pingu. Sivyo hata kidogo. Turkana ni nchi ya wafugaji. Mji wake mkuu, Lodwar, hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka, na katika miaka mingine hata hizo hazipatikani. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo katika Pembe ya Afrika bila mvua ya kutosha, na nchini Kenya pekee mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Malisho yanapokwisha, wafugaji huhama. Wanapohama hukutana na wenzao kwenye kisima kimoja au bonde moja, na hapo bunduki huanza kusema. Mwezi Februari 2023 Serikali ya Kenya ililazimika kutuma jeshi kusaidia polisi kupambana na wizi wa mifugo katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa, Turkana ikiwa mojawapo.

Hapana anayeweza kudai kwa haki kwamba sinia ya shayiri itakomesha wizi wa mifugo. Uovu huo una mizizi yake katika silaha haramu, biashara ya nyama na uhasama wa miaka mingi. Hata hivyo, askari yeyote aliyepata kulinda amani katika nchi ya wafugaji anajua kwamba ukosefu wa nyasi ni baruti. Kwa sababu hiyo, habari yoyote ya majani yanayoota mahali pasipo na nyasi inastahili kuchunguzwa, siyo kwa kushangilia wala kwa kudharau, bali kwa kupima.

Msingi wa elimu hii si mpya. Mwaka 1699 mtaalamu wa Kiingereza, John Woodward, alipanda nanaa katika vyombo vya maji. Vingine vilikuwa na maji ya mvua, vingine maji ya mto, na vingine maji yaliyochanganywa na udongo wa bustani. Miche iliyokuwa katika maji yenye udongo ilistawi kuliko yote, na ile ya maji ya mvua ikawa dhaifu. Hivyo ilidhihirika kwamba mmea hauishi kwa maji matupu. Kuna kitu ndani ya udongo unachokihitaji. Katika miaka ya 1860 wataalamu wa Kijerumani, Julius Sachs na Wilhelm Knop, walikitambua kitu hicho. Waliyeyusha chumvichumvi maalumu ndani ya maji safi na kukuza mimea bila udongo wowote.

Leo inafahamika kwamba mmea unahitaji elementi 17. Tatu kati ya hizo, yaani kaboni, haidrojeni na oksijeni, huzipata kutoka katika hewa na maji. Zilizobaki 14 kwa kawaida hutoka udongoni. Sita huhitajika kwa wingi, nazo ni naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na salfa. Nyingine, kama vile chuma, zinki, shaba na boroni, huhitajika kwa kiasi kidogo sana, lakini hata moja ikikosekana mmea hudhoofika. Udongo basi ni ghala, nanga na mto wa kulalia mizizi. Anayeuondoa udongo hana budi kufanya kazi zote hizo mwenyewe. Ni lazima alete chakula kwa vipimo, aushikilie mmea usianguke, na aipatie mizizi hewa. Asiyelielewa neno hilo asithubutu kuanza, kwani atapoteza fedha na wakati.

Nchini Marekani, kuanzia mwaka 1929, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha California aitwaye William Gericke aliitangaza elimu hii kwa umma. Alikuza minyanya ndani ya matangi ya maji hadi ikafikia urefu wa mita 7 na zaidi, na mwaka 1937 akaandika kwa mara ya kwanza jina ambalo Kiswahili kimelipokea kuwa haidroponiki. Magazeti yalishangilia. Wafanyabiashara nao hawakukawia. Walianza kuuza vifaa na unga wa mbolea kwa watu wa kawaida, wakiwaahidi mavuno ya ajabu.

Ndipo wenzake wawili wa chuo hicho hicho, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, walipofanya jambo lililo la maana zaidi kuliko kelele zote hizo. Walipanda mimea ya aina moja, mahali pamoja, katika hali moja ya jua na hewa: mingine katika maji, mingine katika mchanga, mingine katika udongo mzuri. Kisha wakapima mavuno. Mwaka 1938 walitoa matokeo yao. Mmea uliolishwa vizuri majini haukuzidi kwa jambo lolote kubwa mmea uliolishwa vizuri udongoni. Maji hayakuwa na miujiza. Faida yake ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba yaliwezesha kilimo mahali ambapo udongo mzuri haupo.

Majeshi ndiyo yaliyoutumia ukweli huo mapema. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisiwa cha Ascension kilichoko katikati ya Bahari ya Atlantiki ya Kusini kilikuwa kituo cha ndege za kijeshi za Marekani zilizokuwa zikivuka kwenda Afrika. Kisiwa hicho ni mwamba wa volkano, hakina shamba la maana, na kila jani la mboga lilipaswa kusafirishwa kutoka mbali. Mwaka 1945 Wamarekani walijenga huko matuta yaliyojazwa kokoto na kuyanywesha maji yenye mbolea, na askari wakala saladi na nyanya mbichi. Vilevile walifanya hivyo katika kisiwa cha Iwo Jima. Baada ya vita, mwaka 1946, walijenga huko Chofu, karibu na Tokyo, shamba la namna hiyo lenye ukubwa wa hekta 22. Sababu ya Chofu haikuwa ukosefu wa udongo. Mashamba ya huko yalikuwa yakirutubishwa kwa kinyesi cha binadamu, na mboga zake zikiliwa mbichi zilileta maradhi ya tumbo.

Katika mifano hiyo gharama zilikuwa kubwa, lakini zilikubalika kwa sababu mbadala wake ulikuwa ghali zaidi, ama ndege ya kubeba mboga, ama kikosi kilicholala hospitali. Hicho ndicho kipimo cha kwanza. Kilimo bila udongo hakilinganishwi na ndoto; hulinganishwa na gharama ya njia nyingine iliyopo mahali hapo.

Kipimo hicho hicho ndicho kilichoileta elimu hii kwa wakimbizi. Huko Tindouf, kusini-magharibi mwa Algeria, wakimbizi wa Sahara Magharibi wamekuwa wakiishi jangwani tangu mwaka 1975. Mbuzi wao, ambao ndio maziwa na nyama yao, walizoea kula takataka na mifuko ya plastiki kwa kukosa malisho. Mhandisi wa kilimo Taleb Brahim, ambaye mwenyewe ni mkimbizi, alianza kuotesha shayiri katika sinia. Mpango wa Chakula Duniani wa Umoja wa Mataifa ulimuunga mkono. Mitambo ya kwanza iliyoletwa ilikuwa makontena ya kisasa, yenye bei kubwa na yenye kuhitaji umeme. Baada ya hapo zikatafutwa njia za kujenga kwa vitu vya papo hapo, kama matofali ya udongo, mbao, wavu wa kivuli na sinia za plastiki. Hivyo ndivyo gharama ilivyoshuka hadi familia ikaweza kumiliki kibanda chake, na ndivyo maarifa hayo yalivyoweza kupelekwa nchi nyingine, Kenya ikiwamo.

Hapa yafaa hesabu ifanywe kwa makini, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Kilo moja ya shayiri ikioteshwa vizuri hutoa kilo sita hadi nane za majani mabichi. Wauzaji wa mitambo huitaja hesabu hiyo kwa sauti kubwa. Lakini kilo moja ya shayiri kavu ina chakula halisi, baada ya kuondoa maji yote, cha gramu 880 hivi. Kilo saba za majani yake, ambazo sehemu kubwa ni maji, zikikaushwa hubaki gramu 840 au chini ya hapo. Chakula hakikuongezeka; kimepungua kidogo, kwa sababu mbegu inapochipua hutumia akiba yake kabla jani halijaanza kutengeneza chakula kwa nuru ya jua. Kilichoongezeka ni maji, vitamini na ulaini. Kwa mbuzi anayenyonyesha wakati wa kiangazi kikali, au kwa ndama aliyeachishwa, nyongeza hiyo ni kubwa mno. Kwa mtu anayetarajia kushibisha kundi la ng'ombe 200 kwa gunia la shayiri, ni hasara tupu.

Kuna hatari nyingine pia. Sinia zenye mbegu nyevu katika joto hupenda kuota ukungu, na aina fulani za ukungu hutoa sumu. Wakenya wanaikumbuka sumukuvu vizuri. Mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa vibaya mashariki mwa nchi yao yaliua watu 125. Kwa hiyo mbegu za kuotesha hazina budi kuchaguliwa, kuoshwa mara kadhaa, na kutandazwa kwa wembamba, na sinia huoshwa na kukaushwa kabla ya kutumika tena. Zulia lenye ukungu mweusi au harufu ya uchachu halilishwi mnyama yeyote. Hutupwa.

Kwa upande wa mboga za watu, njia iliyo rahisi kuliko zote haihitaji pampu wala umeme. Ilielezwa na kuenezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, nayo yaweza kutengenezwa katika kituo chochote cha polisi au kikosi cha mpakani. Huchukuliwa ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, isiyopitisha mwanga. Mfuniko hutobolewa matundu manne, na katika kila tundu huwekwa kikombe cha plastiki chenye matobo, kilichojazwa changarawe safi au makumbi ya nazi. Mche wa saladi hupandwa humo. Ndoo hujazwa maji yaliyochanganywa mbolea mpaka yaguse kitako cha kikombe. Mche hunywa, maji hushuka, na mizizi iliyobaki juu ya maji hupata hewa. Mche mmoja hutumia lita 4 hivi hadi kuvunwa, kwa hiyo ndoo moja yatosha miche minne hadi siku ya mavuno.

Njia hiyo ni nyepesi kuelezwa, lakini makosa yake ni mengi. Kosa la kwanza hufanywa na mtu mwenye bidii asiyejua. Akiona maji yameshuka huyajaza tena hadi juu. Kufanya hivyo ni kuizamisha ile mizizi iliyokwisha kuzoea hewa, na mche hunyauka ungali ndani ya maji. Kosa la pili ni kuacha ndoo juani. Maji yenye joto la nyuzi 20 hubeba oksijeni miligramu 9 hivi kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba miligramu saba na nusu tu, na wakati huo huo viini vya kuozesha mizizi hustawi. Ndoo ipakwe rangi nyeupe au ifunikwe kwa magunia, na ikae mahali ambapo majani yanapata jua na chombo kinapata kivuli.

Kosa la tatu lahusu mbolea. Wengine hutia urea au DAP ndani ya maji wakidhani mbolea ni mbolea. Urea hutoa naitrojeni peke yake, tena kwa hali ambayo mmea huitumia vizuri baada ya kubadilishwa na vijidudu vya udongoni. DAP hutoa naitrojeni na fosforasi, basi. Kalsiamu, magnesiamu na chuma vitatoka wapi? Mbolea ya kilimo cha majini ni ya aina yake, na kwa kawaida huuzwa katika mafungu mawili. Kalsiamu hutengwa, kwa sababu ikikutana na salfa au fosforasi katika mchanganyiko mzito huganda kuwa mashapo kama chokaa na haifai kitu tena. Kila fungu huyeyushwa peke yake, kisha hutiwa katika maji mengi. Maji yenyewe hupimwa uchachu wake. Kipimo cha pH kinachofaa ni kati ya 5.5 na 6.5. Maji ya visima vingi vya nchi kame yana chumvi na magadi, na yasipopimwa kwanza huua miche kabla mwenyewe hajajua sababu.

Kosa la nne ni hatari kwa jamii nzima. Maji yaliyotulia ni nyumba ya mbu. Jiji la Dar es Salaam lilipatwa na homa ya dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu waenezao ugonjwa huo huzaliana katika vyombo vidogo vya maji kando ya nyumba za watu. Kila upenyo wa ndoo uzibwe kwa kitambaa. Isitoshe, maji ya kukuzia mboga zitakazoliwa mbichi yawe safi kama ya kunywa, ili lisirudi lile balaa walilolikimbia Wamarekani wa Chofu.

Mambo haya yote yanadai nidhamu ya zamu. Mmea ulio udongoni ni kama askari mwenye mkoba wa akiba. Hata akisahauliwa siku mbili, atajisetiri. Mmea ulio majini hauna mkoba. Katika mitambo ya pampu, ambamo maji membamba hupita chini ya mizizi, umeme ukikatika mchana wa jua kali mimea yaweza kufa kwa muda wa saa chache. Kwa hiyo kituo cha mbali chenye jenereta isiyo ya kutegemewa kijiepushe na mitambo ya pampu, na kila mahali pawepo daftari. Humo huandikwa siku ya kupanda, kiasi cha maji na mbolea, miche iliyokufa, uzito wa mavuno na fedha zilizotumika. Kando ya ndoo hizo lilimwe tuta moja la kawaida, lenye samadi, lipandwe mboga ile ile siku ile ile. Mwisho wa msimu daftari litasema lipi lilikuwa nafuu. Hivyo ndivyo walivyofanya Hoagland na Arnon, na pasipo kulinganisha hivyo, jaribio hugeuka kuwa mchezo.

Mahali pengi ushindi utakwenda kwa tuta. Huko Nairobi, katika mtaa wa Kibera, familia nyingi zisizo na shamba zimekuza sukuma wiki katika magunia yaliyojazwa udongo na kutobolewa ubavuni. Gunia hilo ni rahisi, halihitaji mbolea ya madukani, na huvumilia usahaulifu. Kwa upande mwingine, mashamba mengi ya maua karibu na Ziwa Naivasha hukuza mawaridi katika makumbi au mawe mepesi ya volkano, kwa kuwa yana mtaji, wataalamu, maabara na soko la ng'ambo. Kila mmoja amechagua kwa hesabu ya mahali pake.

Wala isisahauliwe kwamba kilimo cha majini hakitoi mahindi, mtama wala maharage kwa gharama inayovumilika. Hutoa majani na matunda laini. Aidha, mbolea zake nyingi hutoka nchi za nje, na mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, nchi za Afrika Mashariki ziliona jinsi bei ya mbolea inavyoweza kupanda ghafla. Jeshi au taifa litakaloacha shamba na kutegemea ndoo litakuwa limehamisha utegemezi wake kutoka kwenye mvua na kuupeleka bandarini. Hata sifa yake ya kubana maji yatakiwa kueleweka. Mmea wenyewe haukuacha kunywa. Kilichookolewa ni maji ambayo shambani yangezama ardhini au kukaushwa na jua.

Hapa Tanzania, Jeshi la Kujenga Taifa limekuwa likiunganisha jembe na bunduki tangu mwaka 1963, na shamba litabaki kuwa shamba. Lakini kuna vituo vya walinzi vilivyo juu ya mwamba, visiwani, au mahali ambapo gari la chakula huchelewa kwa siku nyingi. Kwa vituo kama hivyo, ndoo kumi zilizotunzwa vizuri zaweza kuwa tofauti kati ya askari anayekula mboga na asiyezipata mwezi mzima. Kama ilivyo huko Turkana, ambako sinia chache zaweza kuhifadhi mbuzi wa maziwa wawili watatu hadi mvua inyeshe, na kumpa baba mwenye familia sababu moja ya kutolifuata kundi hadi kwenye kisima cha ugomvi.

Faida hiyo ni ndogo, lakini ni ya kweli, na yaweza kuhesabiwa. Anayeitaka aanze na ndoo moja na daftari moja, na kando yake tuta moja la udongo.